Somo: Kuliandaa bati jeusi kabla ya kulivuta kwenye kalibu

Kuvuta ni kulisukuma bati jeusi, yaani bati la chuma tupu lisilopakwa zinki, kwa kichwa cha kusukumia hadi liingie kwenye kalibu na kupata umbo la chombo. Karai likipasuka kwenye kona ya chini, wengi wetu hapa Mwanjelwa tunalilaumu bati, ilhali mara nyingi kosa ni msuguano: mdomo wa kalibu unalizuia bati lisiteleze kuingia ndani, nalo linatanuka mahali pamoja hadi linakatika. Mafuta matupu hukamuliwa na shinikizo. Linahitajika tabaka la kuyashika, na fosfeti ya zinki hufanya kazi hiyo.

Kwanza, osha bati kwa maji moto yenye kostiki soda, kisha lisuuze na kulisimamisha. Maji yakitandaa juu yake bila kukatika, bati ni safi. Yakijikusanya matone, rudia.

Pili, ondoa kutu kwa asidi na usuuze tena. Vaa glavu na miwani, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume chake.

Tatu, litumbukize kwenye dawa ya fosfeti kwa joto na muda ulioandikwa kwenye chombo chake. Litatoka la kijivu lisilong'aa, na ukilipapasa utahisi kama msasa uliochakaa. Hizo ni fuwele zilizoota juu ya chuma chenyewe.

Nne, suuza, kisha lichovye kwenye maji moto ya sabuni. Sehemu ya sabuni huungana na zinki ya zile fuwele na kuwa utelezi usiobanduka kirahisi. Asubuhi za mwezi wa saba sabuni huganda upesi, hivyo sufuria ya sabuni isitoke motoni. Mimi niliitoa, nikapoteza makarai mawili.

Tano, likikauka kabisa, futa sabuni pale tu kichwa cha kusukumia kitakapogusa. Hapo msuguano ni rafiki, kwani huzuia kitako kisikonde.

Maswali ya wanachama

Swali (Makambako): Bati la zinki nalo nilipitishe kwenye asidi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, asidi itaila zinki yote. Lioshe tu na ulipake mafuta. Ila ufute kalibu mara kwa mara, maana zinki ni laini na hugandia humo, kisha inachubua bati linalofuata.

Swali (Uyole): Sabuni ya mche bila fosfeti haitoshi?
Jibu: Kwa sahani fupi inatosha. Kwa ndoo ndefu, hapana.

Swali (Mafinga): Rangi itashika?
Jibu: Itashika ukiiondoa sabuni yote kwanza kwa maji moto ya kostiki, ikibaki, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.