Kutoka hospitalini Bukavu: kazi ya kese na kazi ya kando ya kitanda

Muganga akishasema mgonjwa anaweza kurudi nyumbani, akili za jamaa zote zinahamia kwenye kese, yaani dirisha la kulipia. Ndipo maelezo ya dawa yanapopotea. Gawaneni kazi: mmoja afuate faktire (hesabu ya malipo), mwingine abaki kando ya kitanda na kalamu.

Wa faktire asingoje siku ya mwisho. Aulize hesabu kila baada ya siku mbili tatu, maana deni la ghafla ndilo linalowabakiza wagonjwa wodini hata wakiwa wamepona, na huo si uungwana hata kidogo. Akague siku za kitanda, pansema (kufunga vidonda) na vipimo vya labo. Seromu (maji ya mshipani) na sindano mlizojinunulia famasi ya nje huandikwa tena mara nyingine, kwa hiyo tunzeni kila risiti. Noti ya dola iliyochanika, hata pembeni tu, itakataliwa, ibadilisheni mapema. Pesa zikipungua, nendeni servis sosiale (ofisi ya ustawi wa jamii) ya hospitali kabla ya siku ya kutoka, mkaombe kulipa kidogo kidogo.

Wa kitandani asiondoke bila karatasi inayotaja ugonjwa, dawa alizopewa mgonjwa, za kuendelea nazo na tarehe ya kurudi. Kila dawa: kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi? Kisha ayarudie yote kwa sauti mbele ya muuguzi. Hapo ndipo makosa yanajitokeza.

Malaria kali ndiyo inayodanganya zaidi. Sindano za artesunate zinashusha homa upesi, mgonjwa anaomba fufu, vidonge vinawekwa kabatini vimngoje mtoto mwingine. Lakini sindano peke yake haziwamalizi vijidudu. Coartem, vidonge vinavyofuata sindano, ni dozi 6 kwa jumla ndani ya siku 3: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Anywe na chakula chenye mafuta, kama uji wa karanga au maziwa, la sivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie. Na wiki 1 hadi 3 baadaye, mkojo ukiwa mweusi, macho yakawa ya njano au viganja vikapauka, arudi mbio: chembe za damu zinaweza kuvunjika baada ya artesunate.

Aliyepasuliwa asipande moto (pikipiki). Kwa wanaokaa mtaa wa Kadutu, ambako gari linasimama chini na ngazi zinabaki, tafuteni kiti imara na wanaume wanne kabla ya kutoka wodini. Ulizeni nyuzi zitatolewa lini (mara nyingi siku 7 hadi 14) na kama santre (kituo cha afya) ya jirani inaweza kuzitoa. Wekundu unaotanuka, usaha, au homa ya 38 na zaidi, msingoje tarehe ya randevu. Mama aliyejifungua akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, arudishwe usiku huohuo.