Kufuatilia Dhoruba Kali ya Jua Ukiwa Mbeya: Mchana kwa Karatasi, Usiku kwa Kamera

Kila inapotangazwa dhoruba kali ya jua, simu zetu hujaa picha za anga lenye mapazia ya kijani na waridi kutoka nchi za mbali, na swali linalofuata huwa lile lile: je, tukipanda Loleza au tukienda Kitulo usiku wa leo, na sisi tutaiona aurora? Jibu la kweli ni kwamba karibu kila mara hutaiona. Dhoruba yenyewe, hata hivyo, inaweza kufuatiliwa vizuri kutoka Nyanda za Juu Kusini, mradi mtu ajue pa kuanzia, na kwa maoni yangu pa kuanzia ni mchana.

Sababu ya kutoiona ni umbali. Aurora hutokea pale chembe zenye chaji ya umeme, zilizochochewa na dhoruba ya jua, zinapoongozwa na uga wa sumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha, zikagonga hewa ya juu sana na kuifanya iwake: oksijeni hutoa rangi ya kijani kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, na nyekundu kuanzia kama kilomita 200 kwenda juu. Dhoruba inapozidi nguvu, pete ya mwanga inayozunguka kila ncha hupanuka kuelekea ikweta. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 2024, dhoruba ilipofikia daraja la juu kabisa, yaani G5, wakazi wa Hermanus na sehemu nyingine za kusini mwa Afrika Kusini waliona wekundu upande wa kusini. Lakini Hermanus iko nyuzi 34 kusini mwa ikweta, na Mbeya iko takriban nyuzi 9. Mwanga mwekundu ulio kwenye kimo cha kilomita 500 huanza kujitokeza kwenye upeo wa macho wa mtu aliye umbali wa kilomita 2,500 hivi. Kwa hiyo, ili mtu wa Mbeya aone walau ukingo wake, mwanga huo lazima uwe umesimama juu ya anga la Durban au karibu na hapo. Sisemi kwamba haiwezekani. Tarehe 4 Februari 1872 aurora iliripotiwa hadi Khartoum, Aden na Bombay, miji ambayo nayo haina mazoea ya mambo hayo. Ninachosema ni kwamba anayepanga safari ya usiku apange akijua hivyo, ili asirudi na hasira, au na picha ya moto wa nyika aliyoipa jina lisilo lake.

Mchana: kuyaona madoa ya jua

Chanzo cha dhoruba kubwa huwa mara nyingi ni kundi la madoa meusi kwenye uso wa jua, na madoa hayo mtu wa Mbeya huyaona sawasawa na mtu wa Norway. Kundi lililosababisha dhoruba ya Mei 2024 lilikuwa na upana wa kama dunia 15 zilizopangwa mstari mmoja, na lilionekana hata bila darubini kwa waliovaa miwani ya kupatwa kwa jua. Watu wa Mbarali watakumbuka miwani hiyo ya karatasi kutoka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na umati ukakusanyika Rujewa. Kama bado unayo moja kabatini, imulike kwanza kwa taa kali. Ikiwa na tundu au mkwaruzo, itupe bila huruma. Na hata iwe nzima, usiivae ukachungulia kwenye darubini, kwa sababu mwanga uliokusanywa na lenzi hutoboa utando huo papo hapo.

Njia ninayoipendelea ni ya kulimulika jua kwenye karatasi. Chukua darubini ya macho mawili, kama ile wanayotumia waongoza watalii kuangalia ndege, uzibe jicho lake moja kwa mfuniko, kisha uifunge kwenye tripodi lenzi kubwa zikielekea jua. Wewe simama ukilipa jua mgongo. Usichungulie kulitafuta jua hata kwa sekunde moja, kwa maana sekunde hiyo inaweza kukupofusha. Tazama kivuli cha darubini chini na uigeuze taratibu hadi kivuli kiwe kidogo kuliko kinavyoweza kuwa, na hapo duara la mwanga litaangukia kwenye karatasi nyeupe uliyoishika sentimita 30 hadi 50 nyuma yake. Zungusha kirekebishi mpaka ukingo wa duara ukatike vizuri. Kipande cha boksi chenye tundu, kilichovikwa kwenye darubini, kitaitia karatasi kivuli na kuyafanya madoa yakolee zaidi.

Utaona vijidoa, na si vyote ni vya jua. Isukume darubini kidogo: doa linalohama pamoja na duara la jua ni la jua, linalobaki mahali pake ni vumbi la lenzi, na ukiitikisa karatasi, uchafu wa karatasi utatikisika nayo. Kila baada ya dakika moja hivi, igeuze darubini pembeni ipoe, maana plastiki ya ndani huweza kuyeyuka, na kama kuna watoto karibu, mtu mzima mmoja asiiache hata kidogo. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio wakati mzuri, kabla ardhi haijapata joto na hewa kuanza kuchezacheza. Ipige picha karatasi yenyewe kwa simu, ukiandika tarehe na saa pembeni, na urudie kesho na keshokutwa. Utayaona madoa yakihama, kwani huvuka uso wa jua kwa muda wa kama wiki mbili. Kundi kubwa linapofika katikati ya duara ndipo milipuko yake ina nafasi kubwa ya kuelekea kwetu. Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa kwa picha ya jua iliyomulikwa namna hii hii tarehe 1 Septemba 1859, alipoona mwanga mkali ukiwaka ghafla juu ya kundi moja. Saa 17 baadaye dunia ilipigwa na dhoruba iliyovuruga mitambo ya simu za maandishi.

Kuzisoma taarifa

Mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika nane na kitu, na wanaosikiliza redio ya masafa mafupi mchana huweza kusikia stesheni ikififia muda huo huo. Wingu la chembe linalorushwa na mlipuko, ambalo ndilo huleta dhoruba, huchukua siku moja hadi tatu njiani. Taarifa za kituo cha utabiri cha Marekani kilichoko Boulder, Colorado, hutolewa bure kwenye intaneti, na kwa Afrika kuna kituo cha Hermanus kinachofanya kazi saa 24. Kipimo cha Kp, kinachoonyesha jinsi uga wa sumaku wa dunia unavyovurugwa, huanzia 0 hadi 9. Kwetu, chochote chini ya 9 hakistahili mafuta ya gari. Angalia pia Bz, yaani mwelekeo wa sumaku ya wingu hilo: ikiwa hasi sana na kubaki hivyo kwa saa kadhaa, dhoruba hunenepa, ikiwa chanya, wingu hupita bila makeke. Saa zinazotajwa humo ni za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, hivyo ongeza tatu kupata saa ya hapa kwa mtindo wa saa 24. Saa 18:00 ya UTC ni saa tatu usiku kwetu.

Usiku: mahali na kamera

Unahitaji upeo wa kusini ulio wazi hadi chini kabisa. Kitulo, kwenye kimo cha kama mita 2,600, ina hewa safi na giza zito, na hufikiwa kwa njia ya Isyonje au kwa kupanda kona za Chimala hadi Matamba. Lakini ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo omba ruhusa ya kuwa nje usiku kabla hujafika, au ubaki kwenye kijiji cha jirani baada ya kujitambulisha kwa mwenyekiti. Mgeni mwenye tripodi shambani saa sita usiku ana maelezo mengi ya kutoa. Matema, upande wa Kyela, ina faida nyingine: ukisimama ufukweni unatazama kusini juu ya maji matupu ya Ziwa Nyasa. Hasara yake ni utusitusi wa joto na taa za wavuvi wa usipa, ambazo usiku wa giza hupangana majini kama nyota zilizoanguka. Mimi ningechagua Kitulo, nikiwa na koti zito. Mwezi Juni na Julai umande huganda kwenye majani, na betri ya kamera huisha upesi isipowekwa mfukoni karibu na mwili.

Kuipata kusini, tafuta Msalaba wa Kusini, ambao mwezi Mei na Juni huwa juu mapema usiku. Urefushe mhimili wake mrefu mara nne na nusu kuelekea upande wa mguu, na utafika kwenye ncha ya anga, ambayo kwetu ipo juu ya upeo kwa kiasi kisichozidi ngumi moja ya mkono ulionyooshwa.

Weka kamera kwenye hali ya M, yaani ya kurekebisha kila kitu kwa mkono, lenzi pana ya milimita 14 hadi 24, tundu la f/2.8 au pana zaidi kama lipo, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, na shata ikae wazi sekunde 10 hadi 20. Ukigawa 500 kwa urefu wa lenzi, unapata takriban sekunde ambazo nyota hazitavutika. Kwa lenzi ya milimita 24 ni kama 20. Hifadhi kwa muundo wa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, na tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Fokasi ifanye kwa mkono, ukiikuza nyota angavu kwenye kioo mpaka iwe nukta. Mara ya kwanza nilipokwenda Kitulo nilirudi na picha karibu sitini zenye nyota kubwa kama punje za mahindi, kwa kuwa nilizungusha lenzi hadi mwisho nikidhani mwisho ndiyo mbali kabisa. Sivyo, lenzi nyingi huvuka hapo. Mwenye simu atumie hali ya usiku, simu ikiwa imeegemezwa imara.

Piga picha moja kila dakika kumi, kwa sababu kamera huona rangi ambazo macho yetu hayazioni gizani. Kisha uwe mkali katika kuzisoma. Utando wa kijani uliosambaa pande zote ni mng'ao wa kawaida wa hewa, unaokuwepo hata usiku usio na dhoruba. Madoa mawili meupe upande wa kusini, yasiyosukumwa na upepo, ni Mawingu ya Magellan. Rangi ya chungwa iliyokaa chini sehemu moja, ikimulika moshi juu yake, ni moto wa nyika, na kuanzia Agosti huwa mingi. Aurora, kama ikitokea, itakuwa nyekundu iliyoiva, pana, kusini, huku nyota zikipenya ndani yake, na huenda ikawa na miale iliyosimama wima inayobadilika kati ya picha moja na nyingine.

Ukipata kitu cha namna hiyo, usiguse rangi wala mwangaza. Hifadhi faili la RAW kama lilivyo, andika mahali, uelekeo na saa ya UTC, na umwombe mtu aliyekuwa Njombe au Kyela usiku ule akuonyeshe picha zake za kusini.