Jinsi ya Kushona Mfuko wa Mlangoni na Kuweka Nyumba Ndogo katika Mpangilio

Nyumba nyingi za kukodi jijini Nairobi, ziwe za Umoja, Kasarani au Pipeline, hujaa kuanzia chini: sakafu hubanwa na viatu, mikoba ya shule, ndoo na mitungi ya maji, ilhali nyuma ya milango na juu ya kuta hubaki patupu. Kununua kabati jingine hakuleti nafuu, kwa sababu kabati lenyewe hula sakafu, na siku ya kuhama huwa mzigo usiopita kwenye ngazi. Mama mwenye cherehani, au hata sindano na uzi tu, anaweza kuitumia nafasi hiyo ya juu kwa kushona mfuko mrefu wa kuning'inizwa mlangoni, wenye vifuko vilivyopimwa kulingana na vitu vya nyumba yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi kuu itakayoelezwa hapa, pamoja na nyingine ndogo zinazoandamana nayo.

Angalia kabla ya kukata

Wengi huanza kwa kununua vikapu na makopo ya kupendeza, kisha hutafuta vitu vya kutia ndani yake. Fanya kinyume. Kwa muda wa juma moja usipange chochote. Angalia tu vitu huachwa wapi, na ni nani anayevitafuta, na saa ngapi. Utaona kwamba tai na soksi za shule huvuliwa sebuleni wala si chumbani, kwamba shajara ya mwalimu inataka sahihi ya mzazi usiku lakini kalamu haionekani, na kwamba chaja, funguo, dawa ya kikohozi na risiti za karo zote zimerundikana juu ya friji. Mahali kitu kinapoachwa kila siku ndipo panapofaa kuwekwa makao yake, maana mtoto wa miaka 7 aliyetoka shuleni akiwa amechoka hatakwenda hadi chumba cha ndani ili kutundika tai, hata umkemee namna gani.

Baada ya juma hilo, andika orodha ya vitu vinavyozagaa, kisha upime kwa utepe kile kilicho kikubwa zaidi katika kila kundi. Daftari kubwa la shule la ukubwa wa A4 lina upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu 30, kwa hivyo kifuko chake lazima kiwe na upana wa sentimita 24 au 25, ilhali tai, soksi, kitana na mafuta ya kujipaka vinatosha katika kifuko cha sentimita 16. Ndiyo sababu mfuko nitakaoueleza una safu nne zisizofanana: safu moja ya vifuko viwili vipana na safu tatu za vifuko vitatu vitatu, jumla vifuko 11. Ukiona orodha yako inadai mgawanyo mwingine, ifuate orodha yako.

Vitambaa na mahali pa kuvipata

Mgongo wa mfuko unahitaji kitambaa kizito kisichonyumbuka, na kwa maoni yangu hakuna kinachofaa kuliko pazia kuukuu. Ikiwa huna pazia la kukata, nenda Gikomba, soko la mitumba, lakini usiende kugombania bidhaa za kamera, zile za daraja la kwanza ambazo wauzaji rejareja hukimbilia alfajiri mabelo, yaani marobota ya mitumba, yanapofunguliwa. Kwa kazi hii fagia, yaani bidhaa za daraja la mwisho, inatosha kabisa: pazia lenye doa pembeni au shuka zito lililopauka upande mmoja ni mali nzuri kwa mtu anayekwenda kulikatakata. Lishike dhidi ya mwanga kabla ya kulipa. Ukiona nyuzi zimeachana katikati, lirudishe, kwa sababu litachanika pale penye mshono wa vifuko.

Vifuko vyenyewe vishone kwa leso. Maduka ya Barabara ya Biashara, katikati ya jiji, yana leso za kila namna na pia uzi, zipu na vifungo, hivyo safari moja inatosha. Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja, na kila moja huwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha sentimita 110, kiasi kinachotosha vifuko vyote na kukubakizia kipande cha pili kwa kazi nyingine. Chagua ya pamba, si ile laini inayoteleza, kwa kuwa inayoteleza itakutesa chini ya cherehani. Nyongeza ni uzi wa poliesta wa rangi inayokaribiana na leso, pini, chaki ya fundi, sindano ya cherehani namba 14, na mpini wa fagio uliovunjika.

Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Pamba hurudi inapooshwa mara ya kwanza, na leso mpya, hasa nyekundu na nyeusi, hutoa rangi. Ifue peke yake kwa maji baridi hadi maji yatoke yakiwa safi, kisha uianike na kuipiga pasi. Ukiruka hatua hii, mfuko utakunjamana ufuaji wa kwanza na mgongo utapata madoa ambayo hayatatoka.

Kukata na kushona

Kata mgongo wenye upana wa sentimita 54 na urefu wa sentimita 120. Ukikamilika utabaki na upana wa 50 na urefu wa 110, kwa sababu kila ubavu utakunjwa sentimita 2, chini sentimita 2, na juu sentimita 8 za kupitishia mti, yaani ule mpini wa fagio. Ikiwa mlango wako ni mwembamba, kama milango mingi ya bafu, punguza upana lakini usiguse zile sentimita 8.

Sasa tandika leso mezani au sakafuni. Utahitaji mapande manne yenye kimo cha sentimita 43: mawili yenye upana wa sentimita 54 kwa safu za vitu bapa, na mawili yenye upana wa sentimita 66 kwa safu za vitu vinavyotuna kama soksi na chupa. Yote manne hutoka katika leso moja, mawili mawili kwa upana, na hubaki ukanda wa kutosha kukuruhusu kuchagua pa kukatia. Uamuzi unaostahili dakika chache hapa ni jina la leso, ule msemo ulioandikwa chini ya mji, yaani pambo la katikati. Kata kwanza pande litakalobeba jina, ukipima ili liingie zima katika safu pana ya juu, ndipo ukate mengine. Mtu anayeanza kukata kutoka pembeni huishia na jina lililogawanyika nusu kwa nusu, na hapo hata leso nzuri huonekana kama tambara la jikoni.

Kunja kila pande mara mbili kwa kimo, upande wa ndani ukiwa umefichika, ili lipate sentimita 21 na nusu. Mkunjo ndio utakaokuwa mdomo wa vifuko, kwa hivyo hakuna haja ya kupinda ukingo wa juu, na kitambaa kilichokunjwa hivyo hustahimili mikono ya watoto kuliko kitambaa kimoja. Piga pasi, kisha ushone mstari mmoja nusu sentimita chini ya mkunjo ili mdomo usilegee.

Chora mistari ya safu kwenye mgongo kwa chaki. Mdomo wa safu ya kwanza uwe sentimita 10 chini ya mahali mgongo utakapokunjwa juu. Kila safu ina kimo cha sentimita 20, na baina ya safu na safu acha sentimita 5. Weka pande la safu ya chini kabisa kwanza. Njia iliyo safi zaidi ni kulilaza likiwa limepinduliwa, mdomo ukitazama chini na ukingo wake mbichi ukikaa juu kidogo ya mstari wa chini wa safu hiyo, ulishone sentimita moja na nusu kutoka ukingoni mshono ukifuata mstari huo, kisha uliinue na kulipiga pasi ili ukingo mbichi ufichike ndani. Shona tena mstari wa pili chini kabisa ya mkunjo huo, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote hukalia.

Mapande ya sentimita 54 yatalala sawasawa na mgongo. Yale ya 66 yana ziada ya sentimita 12, yaani sentimita 4 kwa kila kifuko, na ziada hiyo lazima ikunjwe kabla ya kushona chini: kwenye kila pembe ya chini ya kifuko kunja marinda ya sentimita moja kwenda ndani, uyabane kwa pini, ndipo ushone. Mdomo utabaki wazi na wenye nafasi, ilhali chini patakuwa bapa. Baada ya hapo gawanya vifuko kwa mishono ya wima, ukirudi nyuma na mbele mara tatu kwenye mdomo wa kila mgawanyo. Hapo ndipo mifuko ya aina hii hupasukia kwanza, na mshonaji wa mkono afunge hapo kwa mishono midogo iliyobanana badala ya kutegemea fundo la mwisho.

Malizia kwa kukunja mbavu pamoja na ncha za mapande, sentimita moja kisha nyingine moja, na kushona kutoka juu hadi chini. Ikiwa cherehani inalemewa na unene wa tabaka hizo, zungusha gurudumu kwa mkono mahali pa kukutana badala ya kukanyaga kwa nguvu na kuvunja sindano. Kunja chini, kisha kunja juu sentimita moja na zile saba zilizobaki ili kutengeneza njia ya mti.

Kutundika bila kumuudhi mwenye nyumba

Kuta za nyumba zetu nyingi ni za mawe yaliyopigwa lipu. Msumari wa kawaida hupinda, na ule wa zege huacha shimo ambalo huenda likakatwa katika amana yako siku ya kuhama. Kata mpini wa fagio uwe na sentimita 56, uupige msasa, uupitishe juu ya mfuko na kufunga kamba imara kwenye ncha zote mbili. Kamba hiyo ishikwe na kulabu mbili bapa za bati zinazokalia ukingo wa juu wa mlango. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji huzikunja ukiwapa kipimo cha unene wa mlango. Sisitiza bati liwe jembamba, la sivyo mlango hautafungika. Mlango ukikataa kabisa, funga mti kwenye grili ya dirisha lisilohitajika kwa mwanga, lakini si dirisha la ukuta unaotoa unyevu, maana wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kitambaa kitaota kuvu.

Pitisha ubao mwembamba katika pindo la chini ili mfuko usijikunje. Vitu vizito viwe chini, dawa ziwe juu kabisa pasipofikiwa na mtoto au zisiwekwe mlangoni kamwe, na safu za katikati wape watoto wenyewe, kila mmoja kifuko chake. Mtoto asiyejua kusoma ashonewe kifungo cha rangi yake.

Kazi ndogo zinazofuata

Kipande cha pili cha leso kinaweza kutoa mifuko miwili ya kamba ya viazi na vitunguu. Vitenganishe: viazi vinataka giza, kwa sababu mwanga huvigeuza kijani, kwa hivyo mfuko wake uwekee bitana nyeusi, vitunguu vinataka hewa, na mfuko wake ukatiwe dirisha la wavu ubavuni. Maharagwe na mchele havifai kukaa katika kitambaa kamwe. Vitie katika madebe yanayofunga vizuri ili fukusi wasiingie, na ubandike utepe wa karatasi wenye tarehe ya kununua.

Vibanio vya nguo, ambavyo kwenye kamba za paa la ploti hupotea kana kwamba vina miguu, vishonee makao kwa fulana ya mtoto iliyombana: ziba upindo wa chini na mikono, uitundike kwenye henga, na shingo itabaki kuwa mdomo. Ni kazi ya muda mfupi, na mfuko huo hubebwa mkononi kwenda juu na kurudi.

Kisha kuna mabaki, ambayo ndiyo hatari kubwa ya mama mshonaji. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, walimu huagiza vifaa vya kazi za mikono kwa taarifa fupi, na wazazi wengi sasa huhifadhi kila trei ya mayai na kila kifuniko cha chupa. Hifadhi, lakini kwa kipimo: sanduku moja la chuma kama lile la wanafunzi wa bweni, na likijaa, kitu kitoke kabla ya kingine kuingia. Usitumie katoni za dukani kwa kazi hii karibu na jikoni, kwa sababu mende hupenda kujificha katika mikunjo yake.

Vipande vya kitambaa visivyofikia upana wa kiganja usiviweke sandukuni hata kidogo. Shona foronya nyembamba yenye urefu unaolingana na upana wa mlango wa mbele, na yenyewe iwe na upana wa sentimita 12, uijaze vipande hivyo na kuilaza chini ya mlango kuzuia upepo na vumbi katika baridi ya Julai. Acha ncha moja ifungwe kwa kamba badala ya mshono, ili uweze kuikung'uta, kufua foronya na kuongeza vipande vingine kila unapomaliza kazi mpya.