Tofauti kati ya "advice" na "advise"

Maneno haya mawili ya Kiingereza hutofautiana kwa herufi moja tu, lakini kazi zake katika sentensi hazifanani: "advice" ni nomino yenye maana ya ushauri, ilhali "advise" ni kitenzi chenye maana ya kushauri. Hata matamshi hutofautiana, kwa kuwa nomino huishia kwa sauti ya s, kama ile ya "basi", na kitenzi huishia kwa sauti ya z, kama ile ya "kazi". Kosa linalojitokeza mno, hata katika barua rasmi za watu waliosoma, ni kuandika "advices" kwa kudhani kwamba huo ndio wingi; kwa maana hii ya ushauri, nomino hiyo haihesabiki, hivyo anayetaka kutaja ushauri mmoja huandika "a piece of advice". Jozi ya "device" (kifaa) na "devise" (kubuni) hufuata utaratibu huohuo. Kuhusu "practice" (mazoezi) na "practise" (kufanya mazoezi), ambayo hutamkwa sawa, Waingereza hutenganisha nomino na kitenzi kwa tahajia pekee, ilhali Wamarekani kwa kawaida huandika "practice" kotekote.