Jinsi ya kupeleka maoni kwenye chombo cha ushauri ili yaguse sheria ya data binafsi

Kabla hujaandika hata sentensi moja, soma kifungu kilichokiunda chombo chenyewe. Tafuta majibu matatu: nani analazimika kukiomba ushauri, kina muda gani wa kujibu, na nini hufuata ushauri wake ukiwekwa kando. Maoni mengi hupotea kwa sababu mwandishi alikiomba chombo jambo kisilokuwa na uwezo wa kulitoa.

Chukua mfano wa Umoja wa Ulaya. Bodi ya Ulinzi wa Data ya Ulaya, iliyochukua nafasi ya chombo cha ushauri kilichoitwa Kundi Kazi la Kifungu cha 29 tarehe 25 Mei 2018, inavaa kofia mbili. Kwa Kifungu cha 70 cha Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data (GDPR), sheria kuu ya Umoja huo kuhusu data binafsi, inatoa miongozo na mapendekezo ambayo hayana nguvu ya amri. Kwa Kifungu cha 65, inaamua migogoro kati ya mamlaka za ulinzi wa data za nchi wanachama, na uamuzi huo, ambao kwa kawaida huhitaji theluthi mbili ya kura, unazibana mamlaka hizo. Raia na mashirika hukaribishwa kutoa maoni upande wa kwanza. Kuna mlango mwingine ambao wengi huupita: Kifungu cha 36(4) kinaitaka nchi mwanachama kushauriana na mamlaka yake ya usimamizi wa ulinzi wa data inapoandaa sheria inayogusa uchakataji wa data. Muswada ukiwa bado wizarani, mamlaka hiyo ndiyo ya kuandikiwa.

Usidharau ushauri kwa kuwa haulazimishi. Aprili 2016 Kundi Kazi lilitoa maoni kuhusu mpango wa Privacy Shield wa kupeleka data Marekani. Lilionya kwamba afisa wa kupokea malalamiko hakuwa huru vya kutosha, wala hakuwa na madaraka ya kutosha. Tume ya Ulaya iliupitisha mpango Julai mwaka huohuo. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliufuta, na udhaifu wa afisa huyo ulikuwa miongoni mwa sababu. Ushauri ulioandikwa vizuri hubaki kwenye kumbukumbu, na mawakili huuchukua miaka baadaye.

Sasa jua rasimu imefika hatua gani. Miongozo ya Bodi hutolewa kwanza kama toleo la 1.0 kwa maoni ya umma, na ile ya mwisho kwa kawaida hubeba namba 2.0. Dirisha la maoni huhesabiwa kwa wiki, si miezi, kwa hiyo siku ya kwanza igawe kazi: nani asome rasimu yote, nani akusanye mifano kutoka kwa watu wa mifumo, nani aandike. Siku 3 za mwisho ziache kwa kuhakiki tu.

Hapa ndipo penye uzito. Kila hoja iwe na sehemu nne: namba ya aya, maneno ya rasimu yalivyo, kinachotokea kazini maneno hayo yakifuatwa, na maneno unayopendekeza badala yake. Tuseme rasimu inasema data ifutwe “papo hapo” mhusika akiomba. Ukiandika “haiwezekani,” hujasaidia. Eleza kwamba nakala za akiba mara nyingi hazifutiki rekodi mojamoja, bali huandikwa upya kwa mzunguko. Kisha pendekeza: data iondolewe kwenye mfumo unaotumika bila kuchelewa, nakala za akiba ziishe kwa mzunguko usiozidi siku kadhaa zinazotajwa, na data hiyo isirudishwe kutumika katikati. Mwandishi wa rasimu anaweza kuinakili sentensi hiyo ilivyo, na hilo ndilo unalolitaka. Hoja 5 za namna hii zinashinda kurasa 40 za malalamiko.

Mapendekezo ya Bodi namba 01/2020 kuhusu kupeleka data nje ya Ulaya yanaonyesha maoni yanavyoweza kuhamisha msimamo. Toleo la Novemba 2020 lilikataa anayepeleka data ategemee makadirio yake ya uwezekano wa data hiyo kufikiwa na serikali ya nchi inayoipokea. Toleo la Juni 2021 liliruhusu kuangalia pia jinsi sheria za nchi hiyo zinavyotumika kwa vitendo, mradi tathmini iwekwe kwenye maandishi na iweze kuthibitishwa.

Makosa yanayorudiwa ni machache lakini yanaumiza. La kwanza ni kutaka mwongozo ubadilishe sheria yenyewe. Mwongozo hufafanua tu, na pendekezo linalopingana na kifungu hutupwa. Jingine ni barua ya pamoja inayotumwa na mashirika mengi bila kubadilishwa: msomaji huisoma mara moja, zilizobaki huzihesabu. Halafu kuna siri za kazi. Maoni mara nyingi huchapishwa pamoja na jina la mtoaji, basi ondoa majina ya wateja, picha za mifumo na udhaifu wa usalama ambao haujazibwa.

Toleo la mwisho likitoka, liweke sambamba na lile la kwanza, uende aya kwa aya. Andika kwenye jedwali hoja iliyokubaliwa, iliyokubaliwa nusu na iliyokataliwa. Iliyokataliwa kwa sababu sheria haina nafasi yake ipeleke kwa kamati ya bunge, pamoja na maneno yako ya marekebisho, sheria itakapofunguliwa tena.