Mkoba wa dawa kwa safari ya familia visiwani: somo, pamoja na majibu ya maswali yenu

Asalaam aleikum, wenzangu. Kila shule zinapokaribia kufungwa huanza kuulizwa swali lile lile: "Tunakwenda Pate na watoto, tubebe dawa gani?" Nimelijibu dukani, nimelijibu njiani nikiwa na kikapu cha sokoni mkononi, na juzi nikalijibu arusini, biriani ikipoa mbele yangu. Mwaka huu nimeamua kuliandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Lamu kwa miaka mingi, lakini mimi si daktari, na mgonjwa wenu ambaye ana daktari wake afuate maneno ya daktari huyo.

Kabla ya kufunga chochote, fahamuni kazi ya mkoba huu. Ni kuwavusha zile saa zilizo baina ya mtu kuumwa na chombo kumfikisha penye mhudumu wa afya. Aliye mjini Lamu anaweza kufika hospitali ya King Fahd kwa miguu, ilhali aliye Kiwayu usiku, bahari imechafuka, ana saa nyingi za kungoja, na dawa zake zinangoja pamoja naye katika joto. Anayelifahamu hili hatabeba nusu ya duka.

Hatua ya 1. Andika majina ya wasafiri wote, umri wao, na uzito wa kila mtoto kwa kilo. Mpime mtoto wiki hii, usikisie.

Hatua ya 2. Dawa za kila siku, kama za presha, sukari, pumu na kifafa, zihesabu kwa siku za safari kisha uongeze siku tatu, kwa kuwa kusi likivuma vyombo hukaa gatini bila kumwomba mtu radhi. Zigawe katika mikoba miwili. Piga picha ya cheti cha daktari.

Hatua ya 3. Kila dawa ibaki katika boksi lake. Najua vidonge vikimiminwa vyote katika kopo moja hupunguza mzigo, lakini kopo halina tarehe ya kuharibika, halina kipimo, na usiku wa manane vidonge vyeupe vyote ni ndugu.

Hatua ya 4. Dawa za kuharisha na za homa. Beba pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, zile tunazoziita ORS, zisizopungua mbili kwa kila mtoto, pamoja na chupa tupu ambayo unajua ujazo wake. Soma pakiti kabla ya kuikata, kwani zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na anayetia pakiti ya lita moja katika nusu lita ya maji humnywesha mtoto chumvi maradufu, jambo linaloweza kumdhuru. Yaliyochanganywa yakipita saa 24, mwaga. Pakiti zikiisha, tumia lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ongeza vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyepita miezi sita, nusu yake kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Kwa homa, beba paracetamol ya maji na bomba dogo la plastiki lisilo na sindano. Kipimo hutokana na uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, wala isizidi mara nne katika saa 24. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini zipo zenye 250, na kwa mbali zinafanana kama pacha. Vijiko vya jikoni havina kipimo kimoja. Viacheni kwenye chai.

Hatua ya 5. Vitu vya vidonda: bandeji, shashi safi, plasta, glavu, mkasi, kibano cha kung'olea miiba, kipimajoto na sabuni. Aliyeungua huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno, mafuta na ute wa yai havina kazi hapo.

Hatua ya 6. Dawa zinazotaka ubaridi. Hapa ndipo nilipoharibu mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Kiwayu kwa siku nne pamoja na mamangu, ambaye hudungwa insulini, dawa ya ugonjwa wa sukari, asubuhi na jioni. Kwa kuwa nilijua kwamba insulini huogopa joto, na kwa kuwa kazi yangu ni dawa na nilijiona mjuzi, nilichukua lile boksi la kuwekea samaki, nikalijaza barafu iliyopondwa, nikazizika chupa zote mbili katikati, iliyofunguliwa na ile ya akiba. Tulipofika zilikuwa zimeganda. Nikaziacha ziyeyuke, na zilipoyeyuka nikaona chembechembe nyeupe zimeng'ang'ania ubavuni mwa chupa, nikajiambia kwamba zitaisha nikizungusha vizuri. Nikamdunga. Kesho yake adhuhuri kipimo cha sukari kilisoma 22, juu mno, na mama alikuwa akinywa maji bila kukata kiu. Tulikodi boti ya injini kwenda Faza, kwa bei ambayo hulipwa na mtu aliyeshikwa pabaya, na mama akapona kwa rehema za Mola na kwa juhudi za wauguzi. Hadi leo, nikigusa boksi la samaki, yeye huniuliza kama nataka kumgandisha tena.

Basi zingatieni. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka, hata ikionekana safi kama maji ya mvua, itupeni. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa katika nyuzijoto 2 hadi 8, lakini ile inayotumika kwa kawaida huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisipite kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ambacho kwa nyingi ni 25 au 30. Kwa hiyo ile inayotumika haihitaji barafu: ifungeni kwa kitambaa, muiweke kivulini. Ya akiba muiviringishe kwa taulo, muitie katika kopo, kisha kopo likae upande mmoja wa boksi na barafu, ikiwa ndani ya chupa zilizofungwa, upande wa pili. Zisigusane. Wala chupa mbili zisikae mahali pamoja, kwa sababu kosa langu moja liliua zote. Anayetoka Malindi kwa basi, kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, asiiweke kwenye buti, aipakate. Anayeshukia uwanja wa Manda aibebe mkononi ndani ya ndege.

Hatua ya 7. Chandarua na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Wanaosema mbu ni wa usiku tu wamesahau mwaka 2004, chikungunya ilipoanzia hapa Lamu ikawapata watu wengi kuliko waliosalimika. Mbu wake huuma mchana, na ndiye huyo huyo wa kidingapopo, yaani homa ya dengi. Kwa ajili hiyo, mwenye homa na maumivu ya viungo asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwani ikiwa ni kidingapopo dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Paracetamol inatosha hadi mfike kituoni. Malaria nayo hupimwa kwanza, ndipo hutibiwa.

Hatua ya 8. Mkoba ukabidhiwe mtu mzima mmoja, ukae karibu naye chomboni, usitupwe chini ya mizigo.

MASWALI

Mwanachama, Malindi: Nitajie antibiotiki moja kali nibebe kwa tahadhari, nisome yote haya sina nafasi.

Jibu: Hapana. Antibiotiki huandikwa na aliyempima mgonjwa. Nafasi ya kusoma utaipata chomboni.

Mama, Mombasa: Bi Mkubwa, mtoto wangu nimpe paracetamol kiasi gani?

Jibu: Uzito?

Mama, Mombasa: Ana miaka miwili na nusu.

Jibu: Huo ni umri, mwanangu. Rudi Hatua ya 1.

Mama, Mombasa: Samahani. Nimempima kliniki leo, ana kilo 12.

Jibu: Ahsante, sasa tunaweza kuzungumza. Kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja. Kwa chupa yenye 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Kwa chupa yenye 250 katika mililita 5, mililita 3 zinatosha. Unaona mwenyewe kwamba atakayebadilisha chupa bila kusoma humpa mtoto zaidi ya maradufu. Andika hesabu hii kwenye karatasi, uibandike juu ya chupa utakayoibeba, na ukinunua chupa nyingine uifanye upya.

Mwanafunzi wa uuguzi, Lamu: Shikamoo Bi. Nimeelewa kwamba insulini iliyoganda hutupwa, lakini sielewi sababu. Joto huiharibu, na baridi pia? Na je, mtungi wa bibi yangu hauwezi kufanya kazi ya friji?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Insulini ni protini, na nguvu yake imo katika namna ilivyojikunja. Ikiganda, maji hujitenga yakawa barafu, nazo protini husongamana na kushikana, na zikishashikana hazirudi zilivyokuwa. Zile chembe nyeupe nilizoziona ndizo hizo. Insulini isiyo na ukungu yaweza kuharibika bila kuonyesha alama yoyote, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi.

Kuhusu joto, jirani zetu wa Garissa wametufunza jambo. Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto lililopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37 kama la kambini. Mwaka 2021 walichapisha kwamba kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Sikuambii uiache juani. Nakuambia tu kwamba aliyekosa friji siku tatu asiingiwe na hofu akakimbilia barafu kama nilivyofanya mimi.

Mtungi hufanya kazi kwa sababu maji yanayopenya udongo huvukizwa na upepo na kuondoka na joto. Ni lazima uwe wa udongo usiopakwa rangi, ukae kivulini penye upepo, na dawa iwe ndani ya kopo kavu. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo hushusha nyuzi chache tu, na bara penye ukavu hushusha zaidi. Kwa chupa inayotumika unafaa sana, ila kwa ya akiba usiutegemee.

Mwanachama, Siyu: Dada, unawatisha watu bure. Sisi tumekua tukipakwa dawa ya meno tukiungua na tuko hai.

Jibu: Uhai wako naushukuru, kaka. Walioungua vibaya wakapakwa, muuguzi akalazimika kuikwangua kwenye nyama mbichi ili aone kidonda, hawakuandika hapa. Maji ni ya bure.

Baba, Mpeketoni: Kijana wangu alichomwa na mwiba wa samaki taa ufuoni Shela mwaka jana. Wavuvi walitia mguu wake katika maji ya moto na maumivu yakapungua. Ni bahati au ni tiba?

Jibu: Ni tiba, nao wavuvi waliijua mapema. Sumu ya taa hudhoofishwa na joto. Mguu hukaa katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayapime kwa mkono wake, kwa kuwa aliyechomwa ana maumivu makali na hawezi kutambua kwamba anaungua. Kwa hiyo bebeni chupa ya chai yenye maji ya moto kila mnapokwenda ufuoni. Mwiba ulioingia kifuani au tumboni usivutwe kamwe, na kila aliyechomwa apelekwe hospitali kusafishwa kidonda na kuulizwa habari ya chanjo ya pepopunda.

Mama wa watatu, Malindi: Wanangu hupatwa na kigegezi chomboni. Promethazini inafaa?

Jibu: Aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Wakubwa, uliza mfamasia ukiwa na uzito wao mkononi, na ujue kwamba watalala. Wakae katikati ya chombo, watazame mbali, wasisome simu.

Mwanachama, Lamu: Nyongeza kwa wenye watoto wa pumu. Chombo cha kuvutia dawa ya inhela tulikisahau nyumbani, daktari akatufundisha kwa simu tutoboe kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, tundu lienee mdomo wa inhela barabara, mtoto avute kupitia mdomo wa chupa. Ilifanya kazi.

Jibu: Nashukuru, na ni kweli, hufanya kazi vizuri. Nami naongeza: inhela isiachwe juani, kwani mkebe wake una mgandamizo na waweza kupasuka.

Mwanachama, Malindi: Nimesoma yote. Sasa nauliza: umetaja mkoba ukae karibu, lakini dawa za watoto ni tamu, na wangu wa miaka mitatu anafungua zipu. Itakuwaje?

Jibu: Umenishika, na sina la kujitetea. Ongeza kwenye Hatua ya 8: katika nyumba za kale za Lamu mkoba uweke kwenye kidaka, shubaka la ukutani, cha juu kabisa, na katika banda la makuti uning'inize kwenye boriti, mbali na kitanda cha kukwelea. Chomboni ufungwe kwa kamba juu ya zipu, fundo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifungua gizani.