Kuomba leseni ya redio ya upepo ukiwa Mwanza: pima kwanza, fomu baadaye

Tajiri mmoja wa Igombe alinijia na redio tatu za upepo, zile za kuitana na kujibizana, ndani ya kapu la dagaa, juu yake karatasi za ombi lililokwama. Fomu aliijaza kwa kusoma maboksi ya dukani. Boksi linasema wati 25. Kwenye benchi redio mbili zilitoa 25 kweli, ya tatu ilitoa 14. Namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye boksi moja haikufanana na iliyobandikwa nyuma ya redio, maana maboksi yalishachanganywa. Palipoulizwa upana wa chaneli aliandika "kawaida". Tulishinda asubuhi nzima tukipima, tukajaza upya. Tangu hapo anayeniuliza namna ya kuomba leseni namwambia alete redio kwanza.

Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio iwe kwenye boti linalokusanya sangara Ukerewe, mikononi mwa walinzi wa Nyakato au ndani ya lori la pamba, kutumia masafa ya mawimbi bila kibali ni kosa. Simu ya mkononi haikusumbui hivi kwa sababu kampuni ya simu ndiyo yenye leseni ya masafa. Kwenye redio ya upepo mwenye kubeba mzigo huo ni wewe.

Vya kukusanya kabla ya kugusa kompyuta

Mtu binafsi awe na kitambulisho cha NIDA na TIN. Kampuni iongeze cheti cha BRELA na leseni ya biashara, ushirika ulete hati yake ya usajili. Kama redio inakaa kwenye chombo cha majini, weka karibu vyeti vya chombo kutoka TASAC, shirika la uwakala wa meli, maana jina la chombo kwenye ombi lazima lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye cheti. Piga vyote skani pale steshenari, viwe vinasomeka.

Kisha hakikisha aina ya redio yako imeidhinishwa na TCRA kutumika nchini. Hili lifanye kabla ya kununua, si baada. Vile viredio vya mkononi vya bei ya kutupa, ambavyo mtu anabonyeza namba na kuhamia masafa yoyote anayotaka, mimi sivipendi hata kidogo. Ukivitazama kwenye kioo cha mashine ya kupimia unaona wimbi lako lipo megahezi 156, halafu pacha wake amesimama 312 akiwa na nguvu ya kuudhi. Huyo pacha anaingia kwenye masafa ya mtu mwingine, na atakayetafutwa ni wewe.

Benchi: hapa ndipo kazi ilipo

Tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia redio, ile moja inayokusanya kipiga mawimbi, kihesabu masafa, kipima wati na kipima sauti ndani ya boksi moja. Kwenye karakana utakutana na za Marconi, IFR, HP au Motorola, nyingine zina umri kuliko fundi. Umri si tatizo kama imepimwa usahihi wake na cheti kipo. Muulize fundi cheti hicho, na muulize pia kama ana leseni ya TCRA ya ufungaji na matengenezo. Asikasirike.

Mashine iwashwe nusu saa kabla. Kristali iliyo ndani yake inataka joto litulie, na Mwanza umeme ukikatika katikati ya kazi unaanza kuhesabu upya. Ukipima redio kwa mashine ya baridi utailaumu redio kwa kosa la mashine.

Anza na upande wa kurusha. Chomeka redio kwenye tundu lililoandikwa wati nyingi, au pitisha kwanza kwenye dami lodi, yaani kile kizuio cha oumu 50 kinachokaa mahali pa antena. Hapa nasisitiza: usibonyeze kitufe cha kuongelea wakati waya umechomekwa kwenye tundu la kutolea mawimbi madogo. Wati 25 zikiingia mlango ambao umezoea mikrovoti, kipunguzo cha ndani kinaungua kimyakimya. Mashine itaendelea kuwaka na kukuonyesha namba, ila namba zote ni uongo. Nimeshaona mashine ya namna hiyo ikitumika miezi kadhaa bila mwenyewe kushtuka.

Andika vitu vitatu. Kwanza wati. Pili masafa kamili: redio yenye usahihi wa sehemu 2.5 kwa milioni, ikiwa kwenye megahezi 156.8, inaruhusiwa kuyumba hezi 390 hivi na si zaidi. Tatu divieisheni, yaani wimbi linavyopanuka unapoongea: kwenye chaneli ya kilohezi 25 isivuke kilohezi 5, kwenye chaneli ya 12.5 isivuke 2.5. Ongea kwa nguvu kwenye maiki, piga hata mluzi. Nahodha kwenye dhoruba hanong'oni.

Upande wa kupokea ndio wengi wanauruka, wakati ndio unaoamua kama utasikika ukiomba msaada. Fungua skwelchi, yaani kile kizuizi cha kelele, hadi usikie mvumo wa shhhh. Kwenye mashine weka masafa ya chaneli, toni ya hezi 1000, divieisheni kilohezi 3 kwa chaneli pana au 1.5 kwa chaneli nyembamba. Waya wa spika urudi kwenye mashine. Anza na wimbi kubwa, mikrovoti 1000, uweke sauti vizuri, halafu punguza taratibu hadi sindano ya SINAD, inayolinganisha sauti na kelele, ishuke kwenye desibeli 12. Kiwango ulichofikia ndicho usikivu wa redio. Redio nzima hufika mikrovoti 0.25 hadi 0.35 hivi. Ikisoma 2, haisikii vizuri. Itapokea jirani wa Kirumba lakini si mtu aliye nyuma ya kisiwa.

Angalizo la mafundi: mashine nyingine zina uchaguzi wa kuonyesha voti bila mzigo au voti kwenye mzigo. Tofauti yake ni mara mbili, desibeli 6. Mafundi wawili wanaweza kugombana siku nzima juu ya redio moja kumbe kila mmoja yuko sahihi kwa swichi yake.

Kujaza ombi

Sasa ingia kwenye mfumo wa maombi wa TCRA mtandaoni, Tanzanite, fungua akaunti na uchague huduma ya masafa. Ukikwama, Ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza, nenda na karatasi zako za benchi mkononi.

Sehemu inayotisha watu ni alama ya utoaji, yaani maandishi mafupi yanayotaja upana na aina ya wimbi lako. Si uchawi. Chukua divieisheni ya juu, 5, ongeza sauti ya juu ya binadamu kwenye redio, 3, zidisha kwa mbili: 16. Hiyo ndiyo 16K0F3E, redio ya sauti ya FM kwenye chaneli pana. Kwa chaneli nyembamba ni 2.5 na 3, mara mbili, 11, unaandika 11K0F3E. Ndiyo maana nilitaka divieisheni ipimwe: ukiandika 11K0 na redio inapanuka hadi 5, umeahidi kitu usichonacho.

Viwianishi vya kituo cha nchi kavu navyo vichunge. Mwanza ipo kama nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Ukisahau kuweka kusini, kituo chako kinahamia Uganda, jirani na Lira. Urefu wa antena uandike kutoka ardhini, na kama mlingoti uko juu ya mlima wa mawe, mwinuko wa mlima ni hesabu nyingine. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Usiyachanganye.

Usiombe megahezi 156.8 iwe yako. Hiyo ni chaneli 16, ya kuitana na ya dharura, ni ya kila aliye majini. Redio ya boti yenye kitufe cha dharura cha kidijiti inahitaji pia namba ya tarakimu tisa ya kuutambulisha mtambo, na namba za Tanzania huanza na 674 au 677. Iombe pamoja, usitunge.

Mfumo ukikupa namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa kwa benki au simu na utunze risiti. Baada ya hapo ni kusubiri upangiwe masafa. Ziwa hili tunalitumia pamoja na Kenya na Uganda, na mawimbi hayana pasipoti, kwa hiyo kumpangia mtu masafa si jambo la kufumba na kufumbua. Usiprogramu redio kwa masafa uliyoyatamani; subiri yaliyoandikwa kwenye leseni.

Na redio ya ndege?

Wapo wanaoniuliza kwa sababu mashine ni ileile. Ni kweli: unahama kutoka FM kwenda AM, masafa ya megahezi 118 hadi 137, toni ya hezi 1000 kwa moduleisheni ya asilimia 30, na alama inakuwa 6K00A3E. Mashine zenye kipimo cha kuongoza ndege kutua zinatoa pia toni za hezi 90 na 150, ambazo zikilingana sindano ya rubani inasimama katikati ya njia ya kurukia. Kazi tamu. Lakini kupima si kuruhusu. Redio ya ndege hurudi kazini kwa saini ya karakana yenye idhini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na njia ya kupata idhini hiyo ina hatua tano: mazungumzo ya awali, ombi rasmi, uhakiki wa nyaraka, ukaguzi wa karakana ikifanya kazi, kisha cheti. Na popote ulipo, usijaribu chochote hewani kwenye 121.5, masafa ya dharura ya ndege. Kuna watu kazi yao ni kuisikiliza masafa hiyo, nao watakuja.

Leseni ikitoka

Ingiza masafa, rudisha redio benchini upime mara moja tena, halafu nenda Mwaloni, zinakotia nanga boti, ukaifunge. Waya wa RG-58 wa mita kumi unakula karibu desibeli 2 kwenye masafa haya, maana yake wati 25 zinafika antenani zikiwa 16. Fupisha waya au nunua mnene. Pima pia wati zinazorudi kutoka antenani: moja kati ya 25 ni sawa, zikifika tatu kagua kiungo, mara nyingi maji yameshaingia.

Nakala ya leseni na karatasi ya vipimo vikae chomboni ndani ya mfuko wa nailoni. Ukibadilisha redio, hata kwa ya aina ileile, namba ya kifaa imebadilika. Wajulishe TCRA kabla mkaguzi hajaigeuza redio kusoma nyuma.